Ndevu za Vikambare

Wiki mbili baada ya mimi kukabidhi funguo za duka la samaki, mwenzenu Wawira alinipigia simu. Vikambare wapya wamefika, alisema, mfuko una joto, aanze na nini? Nilimweleza, akashukuru, akakata. Nikabaki jikoni hapa mtaani Majimbo nimeshika simu, najiuliza ni mambo mangapi mengine niliyodhani nimewafundisha, kumbe niliyafanya tu mbele yenu nikaamini mmeona. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Ni lenu, nyinyi mliobaki dukani. Sitaandika nilianza na mshahara gani wala niliishia na upi. Hayo hayajawahi kumsaidia samaki.

Nilizaliwa Gachoka, Mbeere, mahali ambapo maji yalikuwa kitu cha kufuata na punda, si cha kutia ndani ya kioo na kukitazama. Samaki nilimjua kwenye picha ya kitabu cha sayansi. Katika miaka ya themanini niliolewa Meru, na mume wangu Mwenda, fundi wa mabomba, akapata nyumba ya kupanga upande wa Kinoru. Siku moja alirudi kutoka kuziba bomba mjini akaniambia kuna mzee anafuga samaki wa mapambo nyuma ya bucha, na anatafuta mtu wa kumsaidia.

“Kazi yenyewe ni gani?” nilimuuliza.

“Kuangalia,” Mwenda akasema. “Ameniambia ni kuangalia tu.”

Nilidhani ananitania.

Mzee Shaban alitoka katika ukoo wa wachinjaji wa mjini. Babu yake mmoja alikuwa Mnubi, nyanya yake alikuwa Mmeru, na wengine waliobaki kila mtu katika familia aliwaelezea kwa namna yake. Ndugu zake wawili waliendesha bucha mbele. Yeye alikuwa ameacha kisu zamani. Alisema alichoka kukutana na wanyama wakiwa wameshakufa. Nyuma ya bucha alikuwa na chumba kimoja chenye matangi kumi na tisa, yote ameyaunda mwenyewe kwa vioo vya madirisha. Ukiingia ulisikia shoka likipasua mfupa upande wa pili wa ukuta, na upande huu pampu zikinong'ona. Samaki walishazoea shoka. Mimi nilichukua mwezi mzima.

Siku yangu ya kwanza sanduku lilifika kutoka Nairobi na gari la asubuhi. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa hewa, na vikambare kumi na wanne. Mnawajua, lakini mimi nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza: samaki asiyezidi urefu wa kidole, mbavu zimepangwa vigae kama paa la kanisa, ndevu fupi chini ya mdomo, na jicho analoligeuza ghafla kana kwamba anakukonyeza. Hukaa chini kwenye mchanga akichimbachimba, kisha bila sababu unayoiona anapanda juu kama risasi, anameza hewa, anarudi. Nilimpenda papo hapo. Mzee alikuwa anaondoka kwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri. Akaniambia niutie mfuko ndani ya tangi mpaka arudi. Nilielewa niwatie samaki. Nikaukata mfuko, nikawamwaga wote na maji yao, nikajifuta mikono nikiona nimemaliza kazi mapema.

Aliporudi, sita walikuwa chali. Hadi tunafunga jioni walibaki wawili.

“Uliwamwaga?”

“Niliwamwaga, Mzee. Si ni maji na maji?”

Hakupandisha sauti. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya tangi. “Mwenda akirudi nyumbani amenyeshewa na mvua ya Julai, anatetemeka, utamtumbukiza kwenye sufuria ya uji?”

“Hapana, Mzee.”

“Kwa nini? Si ni moto, na yeye anataka moto?”

Kisha akanipa bakuli jeupe na kijiko, akaniambia niwatoe mmoja mmoja na nisitupe hata mmoja kabla sijamwambia nimeona nini. Nilisema nimeona samaki aliyekufa. Akasema nitazame tena. Nilipofika kwa wa saba hivi, nikaanza kuona: huyu ana ndevu ndefu, huyu fupi, huyu tumbo limeingia ndani, huyu ana wekundu karibu na pezi. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuingia kazini, na karatasi yake ilikuwa maiti kumi na wawili.

Basi sikilizeni, nitaandika mara moja. Maji ya mfuko yamesafiri na uchafu wa samaki ndani yake. Si maji ya tangi. Tena kikambare akiogopa sana anatoa sumu kidogo, na ndani ya mfuko sumu hiyo haina pa kwenda. Weka mfuko uelee juu ya tangi kama dakika kumi na tano ili joto lilingane. Taa ya tangi izimwe. Kisha samaki na maji yao waende kwenye beseni safi, ambalo halijawahi kuonja sabuni. Chukua mpira mwembamba wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguza, ufunge kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa tangi, na uyaache maji ya tangi yadondoke ndani ya beseni, tone baada ya tone, mpaka yawe mara tatu ya yaliyokuwamo. Ni saa nzima, wakati mwingine saa na nusu. Ukimaliza, samaki wapitishe kwa kikombe au mkono uliolowa, si wavu, kwa sababu miiba ya mapezi yao hunasa. Maji ya beseni mwaga nje. Mpira wa kwanza Mzee aliuomba kwa mwenye duka la dawa jirani, ambaye kwa miaka mingi aliamini tunamtibu mgonjwa nyumbani.

Kuchagua nilifundishwa Nairobi, kwa wauzaji wa jumla. Mzee alibeba chupa ya chai kutoka nyumbani. Alifika mbele ya tangi la muuzaji, akaketi, akamimina chai, akanywa. Muuzaji akawa anahema na wavu mkononi.

“Mzee, nikupe wangapi?”

“Bado sijafika,” akasema Mzee, na alikuwa ameketi pale robo saa.

Kwangu alinong'ona: “Samaki akijua anatazamwa, anajikaza kama mwanafunzi mkaguzi akiingia. Ngoja asahau.”

Na kweli walisahau. Wagonjwa wakaanza kujionyesha. Mmoja alihema haraka kuliko wenzake. Mwingine pezi la mgongoni lililala, halikusimama. Mwingine alikaa kona peke yake. Mzee aliangalia ndevu kwanza, daima, kwa sababu ndevu ndizo mikono ya samaki na pua yake. Zikilika hapati chakula hata kikiwa mbele yake. Kisha tumbo: lisiwe limebonyea wala kuvimba. Kisha macho yote mawili. Mwisho alimwomba muuzaji awatupie chakula kidogo, na asiyekuja kula hakununuliwa. Walioshuka kwenye ndege siku hiyohiyo hakuwagusa kabisa, hata wawe wazuri namna gani.

Hakuuza kikambare mmoja peke yake. Wateja walikuja wakitaka “mmoja wa kufagia”, maana walikuwa wamesikia anakula uchafu. Mzee aliwauliza kama wao wangeweza kuishi kwa makombo ya jirani. Alitaka sita au zaidi, na chakula chao wenyewe kinachozama.

“Lakini mmoja atakufa?” mwalimu mmoja wa shule ya upili alimbishia.

“Hatakufa,” Mzee akasema. “Ataishi tu.”

Yule mwalimu alienda na sita.

Kitu kimoja ndicho nilichomfundisha mimi. Mzee alitandika kokoto ndogo za machimbo chini ya mimea, na vikambare wake, japo aliwapenda, walikuwa na ndevu fupi. Mimi ni mtoto wa Mbeere, mchanga naujua. Niliporudi kutoka kumsalimia mama, nilileta gunia nusu la mchanga wa mto, laini, wa mviringo. Nikamwambia ausugue ndani ya kifundo cha mkono. Kama haumkwaruzi yeye hautamkwaruza samaki. Akasugua. Akadondoshea siki kuona kama unachemka povu, maana ukichemka una chokaa na utayafanya maji kuwa magumu. Haukuchemka. Tuliuosha mpaka maji yakatoka meupe, tukapanda mimea upya, na kabla ya miezi mitatu ndevu zilikuwa zimerefuka. Tangu hapo aliacha kuniita binti. Akaniita mama Kendi, kama watu wengine, ingawa Kendi, mtoto wangu, alikuwa bado hajajua kutembea.

Macho ya Mzee yalianza kuondoka miaka kadhaa baadaye. Ilikuwa sukari. Kwanza aliniomba nimsomee karatasi za dawa, akasema maandishi ya siku hizi ni madogo. Kisha akaanza kuushika ukingo wa kila tangi kabla ya kuinama kuangalia. Siku moja alimlisha samaki aliyekuwa amekufa, akimsemesha. Nilisubiri akaenda kuswali, nikamtoa yule samaki.

Hatukukaa kikao kuamua. Ilitokea tu kwamba nikawa macho yake. Nairobi tulienda wawili, chupa ya chai ileile, yeye ameketi na mimi nimechuchumaa pua kwenye kioo.

“Wa kwanza. Ndevu?”

“Ziko.”

“Pande zote?”

“Pande zote.”

“Tumbo?”

“Sawa.”

“Anahemaje?”

“Polepole.”

“Haya. Huyo twende naye.”

Muuzaji aliacha kuhema kwa hasira. Nadhani hata yeye alianza kuwatazama samaki wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwahi kuwasimulia. Hoteli moja ya Embu ilikuwa imejenga chumba kipya cha kulia, na meneja, Bwana Nyaga, akatuagiza tangi kubwa kuliko yote tuliyowahi kuunda, lenye mimea ukutani hadi ukutani. Tulilipanda, tukaliacha litulie wiki tano, mimea ikashika. Tukatia samaki wadogo wanaoogelea juu, wakazoea. Vikambare ishirini na wanne ndio waliobaki, na chumba kingefunguliwa Jumamosi. Wakati huohuo ndugu za Mzee walikuwa wanataka chumba chetu cha nyuma waweke friji kubwa. Walikuwa wamempa sharti: hoteli ikituchukua tuwe tunatunza tangi lao mwaka mzima, watamwachia chumba, kama sivyo, basi. Mzee hakuniambia hili kwa maneno mengi. Alisema tu, “Hiyo ya Embu isitushinde.”

Jumatano tukawa Nairobi. Muuzaji wetu alikuwa amebadilisha tangi na kutandika kokoto zenye makali. Nilichuchumaa, nikaona mara moja. Zaidi ya nusu ndevu zilikuwa vibutu. Baadhi walikuwa na wekundu tumboni. Hakukuwa na wengine mjini kote, tulikuwa tumeshazunguka.

“Ndevu?” Mzee akauliza.

“Ziko,” nikasema.

“Pande zote?”

“Pande zote, Mzee.”

Mara ishirini na nne. Niliona chumba kile kinajaa nyama iliyogandishwa, nikaona Mzee ameketi kibarazani asijue afanye nini na mikono yake. Nilijiambia nawafanyia hisani wote. Nimewaza sana juu ya siku ile, na sasa nadhani niliogopa tu kuwa mtu wa kusema hapana.

Embu niliwazoesha maji kama nilivyofundishwa, tena kwa uangalifu kuliko siku zote. Niliuacha mfuko uelee, nikapiga dripu saa na nusu, nikawapitisha kwa kikombe. Hakuna kosa hata moja ungeliona. Vikambare wakashuka mchangani, wakajificha chini ya majani. Bwana Nyaga akatupongeza.

Jumatatu akapiga simu kwenye bucha. Tulipofika, vikambare kumi na watano walikuwa wamekufa, wengine wamenasa katikati ya mimea kama matambara, na ugonjwa ulikuwa umewapata wale wa juu. Siku ya ufunguzi wageni walikuwa wamekula chakula cha mchana wakitazama mazishi. Bwana Nyaga alikuwa amesimama kando ya tangi na koti lake lote limefungwa vifungo.

“Mzee Shaban, hii ni aibu gani mmeniletea?”

“Kosa ni langu,” Mzee akasema.

“Nani alichagua hizi samaki?”

“Mimi.”

“Lakini Mzee, na heshima yako, wewe huoni.”

“Ndiyo. Na mtu asiyeona hana kazi ya kununua samaki. Ndiyo nakwambia kosa ni langu.”

Mhudumu mmoja aliyekuwa anapanga uma aliacha kupanga. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini. Nilimshika Mzee mkono, tukatoka, nikamketisha kwenye ngazi za mbele mahali penye jua.

“Mzee,” nikasema, “nilikudanganya.”

“Najua.”

“Ulijua lini?”

“Palepale. Kila siku nikikuuliza, unanyamaza kidogo kwanza. Unaangalia. Siku ile hukunyamaza hata mara moja.”

“Mbona hukusema?”

Alijikuna goti. “Nilikitaka kile chumba, mama Kendi. Nilikuuliza nikiomba unijibu hivyo. Tulikuwa wawili katika hii kazi. Ila wewe umesema, mimi nilikuwa sijasema.”

Ningependa kuwaambia kwamba hapo moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Niliinuka nikarudi ndani peke yangu nikamwambia Bwana Nyaga kwamba mzee hakuchagua kitu, kwamba niliziona ndevu zimelika nikasema ni nzima. Nilimwambia kwa Kiembu, kwa sababu Kiswahili kilinikauka mdomoni.

“Sasa unataka nifanye nini na wewe?”

“Nipe miezi miwili. Kama sitarekebisha nitakuja kuliondoa tangi.”

Akaliangalia tangi, urefu wake wote. “Hii kitu ilibebwa na wanaume wanane,” akasema. “Hasira yangu haina nguvu ya kuitoa. Miezi miwili.”

Vikambare tisa waliokuwa hai niliwapeleka Meru kwenye tangi la pembeni lenye mchanga wa kwetu na maji ya kubadilishwa kila siku ya pili. Tangi la hoteli nililitibu, nikalilisha kidogo sana, nikaliacha lipumzike. Kwa muuzaji mwingine nikapata vikambare kumi na watano, lakini niliwatembelea mara mbili kabla ya kuwachukua, wiki moja katikati. Na safari hiyo Mzee aliuliza kama zamani.

“Huyu?”

Nilinyamaza. Nikaangalia. “Upande wa kushoto umepungua kidogo.”

“Muache.”

Tuliacha saba ambao mtu mwingine angewachukua kwa furaha.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Maji ya bomba ya Embu hayakuwa sawa na ya Meru, na nilikuwa nimechoka kuwaweka samaki katika mtihani wa saa moja. Nikamwambia Mwenda yote niliyofanya, na uwongo wangu pia. Yeye ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza, “Unahitaji maji mangapi?” Kila Jumamosi alienda Embu na madebe mawili, akarudi nayo yamejaa, watu stendi wakimcheka kwamba anatoka kuteka maji wilaya nyingine na yeye ni fundi wa mabomba. Niliyaacha maji wazi siku moja ili dawa ya kuyasafisha itoke, kisha nikatoa kibeseni cha maji ya Meru kwenye tangi la pembeni na kutia kibeseni cha Embu. Wiki ya tano samaki wote ishirini na wanne walikuwa wanaishi Embu bila kuondoka nyuma ya bucha. Nilipowapeleka hotelini, nilipiga dripu hata hivyo, kwa heshima tu. Walishuka mchangani na kuanza kula palepale, mbele ya Bwana Nyaga, mikia juu.

Hoteli ilituachia tangi tulitunze, lakini ndugu za Mzee walichukua chumba hata hivyo. Friji ilikuwa imeshanunuliwa hata kabla hatujaenda Nairobi ile Jumatano. Nilipojua hilo niliingia chooni nikalia, kwa sababu samaki kumi na watano walikufa kwa ajili ya chumba ambacho kilikuwa kimeshaondoka. Matangi kumi na tisa tuliyapakia kwenye lori tukayaleta Embu, nikakodi kile chumba mnachokijua. Mzee alikataa kuhama Meru. Alisema msikiti wake anaujua kwa miguu, wa Embu itabidi aujue kwa macho.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mtaisoma katika vitabu vya duka. Nitaandika moja tu. Mwalimu aliyenifundisha darasa la nne Gachoka alikuja akitaka vikambare kwa ajili ya tangi alilounda mwenyewe baada ya kustaafu. Nilimwomba sampuli ya maji. Ilikuwa ya kisima, chumvi mpaka ulimi unakwaruzika. Nikamwambia siwezi kumuuzia.

“Marigu,” akasema, “nilikufundisha kusoma.”

“Ndiyo, Mwalimu. Na ndiyo maana nasoma haya maji.”

Alinuna, akaondoka. Baada ya mvua akarudi na mtungi wa maji ya paa lake la mabati, yaliyopita mfereji msafi. Tulichanganya kidogo na ya kisima, tukapima, yakafaa. Vikambare wake waliishi muda mrefu kuliko yeye. Watoto wake waliniletea waliobaki baada ya mazishi, na ndio wazee wale wawili mnaowaona kwenye tangi la dirishani.

Nimalize na Mzee Shaban. Mvua za Aprili, mwaka ambao alikuwa hatembei tena bila mtu, nilibadilisha maji ya tangi la hoteli kwa maji ya mvua, ya baridi kidogo, kama mvua yenyewe inavyofanya mtoni. Asubuhi iliyofuata mhudumu akaniita, akidhani kioo kimechafuka. Hakikuwa kimechafuka. Yalikuwa mayai, yamebandikwa kwenye kioo kwa mistari, meupe yenye umanjano, na vikambare wanazunguka kama watu waliotoka harusini. Nilikuwa sijawahi kuona mayai yao. Nikapiga simu Meru, na mjukuu wake wa kike akamleta siku hiyohiyo kabla ya saa saba.

Chumba cha kulia kilikuwa na watu. Nilimsimamisha kando ya tangi, nikamvua koti, nikamkunja mkono wa kanzu hadi begani. Niliutia mkono wake majini, nikaupitisha kwenye kioo kwa ndani, polepole, mpaka kidole chake kikagusa yai la kwanza.

“Ni gumu kidogo,” akasema. “Kama mbegu ya nyanya.”

“Yapo mengi, Mzee.”

“Usiniambie. Ngoja.” Akaanza kuhesabu kwa kidole, kwa sauti, kama mtoto. Alipofika kumi na nane alipotea, akaanza upya. Watu walikuwa wameacha kula. Alipofika thelathini na moja alisimama, maji yakimdondoka kwenye kiwiko.

“Hawa hawajasafiri popote,” akasema. “Hawa hatutawazoesha kitu. Ni maji yao.”

Bwana Nyaga, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, alitoka nyuma ya kaunta na kiti, akakiweka taratibu nyuma ya magoti ya Mzee, naye akaketi bila kuutoa mkono majini.